Ajuaye Ndiye wa Kuulizwa

Ndugu Waislamu, katika darsa yetu ya hapa Kiembeni liliulizwa swali, nasi twaona yatupasa kulijibu kwa maandishi, kwani faida yake ni ya wote. Swali lenyewe ni hili: Maradhi yanapoingia mji, ni nani mwenye lawama zaidi, asiyejua yanavyoambukiza, au ajuaye asijizuie?

Wengi hudhani lawama ni ya mjinga. Lakini na tuitazame khabari iliyotupata sisi wenyewe. Siku ya Ijumaa, 13 Machi 2020, serikali ya Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini. Siku mbili baadaye shule ziliamriwa zifungwe, na vyuo vikuu vikapewa mpaka tarehe 20 ya mwezi ule. Basi wanafunzi wakarejea makwao katika mabasi na matatu, na baadhi yao wakaja kwetu huku Kisauni.

Alikuwamo kijana mmoja wa mtaani petu, asomaye Nairobi. Siku aliyofika alikaa nasi barazani baada ya Alasiri, akatueleza maradhi hayo kwa ufasaha ambao sisi hatukuwa nao: kwamba hupita kwa pumzi na kikohozi; kwamba mtu aweza kuwa nayo asihisi kitu, naye akamwambukiza mwenziwe; na kwamba huwadhuru zaidi wazee na wenye kisukari na presha. Tukamshukuru. Kisha akaondoka, akaingia chumbani kwa nyanya yake, mzee wa miaka 70 na zaidi, mwenye kisukari, akala naye sinia moja. Tulipomuuliza alisema: "Sheikh, sisi vijana hayatudhuru."

Litazameni jawabu hilo. Halikuwa mbali na kweli, kwani vijana waliokufa walikuwa wachache kuliko wazee. Wala hakukosa ilimu. Alilokosa ni kujua ilimu ile yamtaka nini. Aliipima khatari kwa mwili wake, hali khatari ilikuwa katika mwili wa nyanya yake. Basi kujua ni namna mbili: kulijua jambo lilivyo, na kuijua haki ya mwenzio katika jambo hilo. Ya kwanza hutahiniwa chuoni. Ya pili hutahiniwa nyumbani.

Nyanya yake alisalimika kwa rehema ya Mwenyezi Mungu. Lakini hilo halimtoi mjukuu lawamani. Arushaye jiwe sokoni haitwi mwema kwa kuwa halikumpata mtu.

Sayyidna Umar (r.a.), alipokuwa njiani kwenda Shamu, alipata khabari ya tauni, akataka shauri, kisha akaazimia kurudi na watu wake. Abu Ubaida (r.a.) alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akamjibu kwamba wanaitoka kadari Yake na kuiendea kadari Yake. Ndipo Abdur-Rahman bin Auf (r.a.) akaja na hadithi ya Mtume (s.a.w.) yenye kukataza kuingia nchi iliyo na tauni, na kutoka humo kwa kuikimbia. Sisi twaona hapo mna haki mbili: asiyeingia hujilinda nafsi yake, na asiyetoka huwalinda wenziwe.

Tulipomsomea kijana yule kisa hiki, alituuliza: "Na nyinyi masheikh, mbona watu walibanana misikitini, na wengine wakisema ni tawakkul, nanyi mkanyamaza?" Hatukuwa na la kujibu. Kisa cha Umar tulikijua tangu utotoni, na twakisomesha. Lakini tuliogopa maneno ya watu. Lawama tuliyomtilia yeye iliturudia sisi.

Wala hatumlaumu kibarua aliyebanana kivukoni Likoni akiiwahi kafyu. Huyo huenda alijua, lakini hakuwa na njia nyingine ya kufika kwa wanawe. Lawama hufuata ujuzi na uwezo pamoja.

Tena chanjo zilipofika Kenya, Machi 2021, uvumi kuwa zakata uzazi ulipita katika simu za waliosoma na za wasiosoma sawasawa. Msomi asiyekuwa na hakika yampasa aseme, "Sijui." Imamu Malik aliulizwa maswali mengi akajibu kwamba hajui, na hakupungukiwa heshima. Ajuaye hufuatwa na watu. Akikosea, hukosea na wengi nyuma yake.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kuwa Korona si dharura ya ulimwengu tena. Dharura imekwisha, swali halikuisha, kwani maradhi mengine yaweza kuja. Enyi vijana wa vyuo, mlilosoma lipelekeni kwanza majumbani, kwa upole na kwa lugha ya mama zenu, na muwe wa kwanza kulitenda. Nasi wa mimbari, tusiifiche ilimu kwa kuogopa maneno ya barazani. Mjinga ataulizwa kwa nini hakujifunza. Sisi na nyinyi tutaulizwa tulifanya nini na tuliyoyajua.

Wabillahi tawfiq.