Mtu na Kumbukumbu Zake

Je, msomaji kijana, nyanya yako akilisahau jina lako, amekwisha kuwa mtu mwingine? Wengi hudhani hivyo, wakamsema mbele yake kana kwamba hayupo. Mimi sikubali.

Mwaka wa 2016 Tony Bennett, mwimbaji mashuhuri wa Marekani, alitambuliwa kuwa ana Alzheimer, maradhi ya ubongo ambayo aghalabu hupokonya kwanza kumbukumbu za karibuni. Hata hivyo, Agosti 2021, alipotimiza umri wa miaka 95, alipanda jukwaani mjini New York akaimba nyimbo alizozizoea miaka mingi. Hakupona, alifariki mwaka wa 2023. Tuseme kesho yake hakukumbuka lolote: je, furaha ya usiku ule ilikuwa ya uongo? Mtoto mchanga hakumbuki alivyobembelezwa, wala hatusemi kwamba mamaye alijisumbua bure.

Sisemi kwamba mzigo ni mwepesi. Aulizwaye swali moja mara kumi kabla ya adhuhuri huchoka, na ana haki ya kupokewa zamu. Lakini usimtahini mzee kwa "Mimi ni nani?" Jitaje mwenyewe, uketi, umpe ungo apepete mchele. Yamkini mikono yake ingali inaijua kazi hiyo.