Deni la Kifaru

Nuhu alipakia dume na jike. Katika hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia, waliobaki ni majike wawili, mama na bintiye. Najin alizaliwa 1989, Fatu 2000, wote wawili katika bustani ya wanyama nchini Cheki, na ndio vifaru weupe wa kaskazini wa mwisho duniani. Sudan, baba yake Najin, aliugua uzeeni hadi akashindwa kusimama. Machi 19, 2018, akiwa na miaka 45, alidungwa sindano ya kumpumzisha.

Tangu Agosti 2019, wataalamu wa mradi wa BioRescue wamekuwa wakimlaza Fatu, na mwanzoni Najin pia, kwa dawa, wakipitisha sindano ndefu hadi kwenye ovari na kuvuta mayai. Mayai husafirishwa kwa ndege hadi maabara ya Cremona, Italia, yakarutubishwe kwa mbegu za madume waliokwisha kufa. Viinitete vinavyopatikana huwekwa katika naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Mama na binti hawawezi kubeba mimba, kwa hiyo watabebewa na majike wa vifaru weupe wa kusini, jamaa zao wa karibu.

Wapo wanaosema huku ni kumwingilia Mungu kazi yake. Hoja hiyo haina uzito mkubwa: yai lipo, mbegu ipo, na hakuna aliyeumba chochote. Swali gumu liko kwingine.

Waislamu na Wakristo hukubaliana kwamba viumbe ni amana mikononi mwa mwanadamu. Fikihi ina hukumu zake kuhusu amana. Aliyewekewa hadaiwi ikiharibika pasipo kosa lake. Akizembea au akivuka mpaka, atalipa. Kitu chenye mfano, kama pishi ya mchele, hulipwa kwa mfano wake. Kisicho na mfano, na wengi wa wanazuoni humweka mnyama katika fungu hilo, hulipwa kwa thamani. Vifaru wa kaskazini hawakuisha kwa ukame wala kwa radi. Waliuawa kwa sababu ya pembe, ambayo ni keratini tupu, kitu kile kile cha ukucha, na vita vya Sudan na Kongo viliwarahisishia kazi majangili. Mpaka ulivukwa, kwa hiyo kulipa ni lazima. Lakini mdaiwa atalipa nini, na mwenye mali ndiye Muumba asiyehitaji fedha ya mtu?

Hapo ndipo kiinitete kinapovutia: kinafanana na mfano halisi, damu ile ile, nasaba ile ile. Hata hivyo, kifaru si damu peke yake. Ndama hufuatana na mama yake kwa miaka miwili au zaidi, akijifunza malisho na adabu ya kuishi na wenzake. Waswahili husema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Ndama atakayezaliwa na jike wa kusini na asimkute wa kaskazini hata mmoja atakuwa na sura ya ukoo bila kuwa na mtu wa kumwonyesha desturi zake.

Tena kuna anayelipa bila kudaiwa. Septemba 2023 kiinitete cha majaribio, cha vifaru wa kusini wenyewe, kilipandikizwa kwa jike mmoja Ol Pejeta. Mimba ilishika. Miezi miwili baadaye jike huyo alikufa kwa bakteria walioibuliwa ardhini na mvua kubwa. Tumboni alikutwa mtoto dume wa siku 70, mwenye urefu wa sentimita 6.4. Kwa wanasayansi huo ulikuwa uthibitisho kwamba njia inawezekana, nao walikuwa na haki ya kufurahi. Kifo hakikutokana na upandikizaji, lakini ni vigumu kusahau kwamba jike huyo alikuwa ameingizwa katika deni la binadamu.

Mradi wenyewe unaona uzito huo. Una wataalamu wa maadili wanaopima kila hatua, na Oktoba 2021, baada ya tathmini yao, Najin aliondolewa kwenye kazi ya kutolewa mayai: umri umekwenda na hatari imezidi faida. Alibakiziwa jukumu moja, kumfundisha ndama atakapozaliwa. Mimba ya kifaru huchukua takriban miezi 16.