Nani Kashinda?

Tarehe 17 Aprili 2016, huko Singapore, vijana wa Kenya wa raga ya wachezaji saba waliwachapa Fiji 30-7 kwenye fainali. Fiji, ndugu msomaji! Hao hao walioitwaa dhahabu ya Olimpiki miezi minne baadaye. Kenya haikuwa imewahi kunyakua kombe katika msururu ule wa dunia, na Nairobi ikapiga kelele: "Tumeshinda!"

Hebu tukae hapo kidogo. Hiyo "tu" imetoka wapi? Mimi mpira ule wenye umbo la yai sijawahi hata kuushika. Mbinu alipanga kocha, marehemu Benjamin Ayimba. Mbio walikimbia kina Collins Injera, na mbavu zilizoumia ni zao.

Utaniambia mwache mtu afurahi, furaha zenyewe ziko ngapi? Sawa, siikatai. Lakini sikiliza lugha inavyotuumbua. Mei 2023, Kenya ilipopigwa na Canada mjini London ikateremshwa daraja, mtaani sikusikia "tumeshindwa". Ilikuwa "wameshindwa", "hao jamaa wamelala". Silabi moja tu, na undugu umekwisha.

Kwangu mimi, "tu" ya ushindi ni mkopo. Anayeichukua Singapore ailipe London, aseme "tumepigwa" mbele za watu, hata wakimcheka. Asiyeweza, basi ashangilie kwa adabu: "Wameshinda, hongera zao."

Mwaka 2024 timu ilirudi daraja la juu. "Tu" nayo ikarudi mtaani, mbio kumshinda Injera.