Mnunuzi na Mpangaji Aliyemkuta

Mtu wa Zagayu akinunua nyumba na kumkuta ndani mpangaji aliyekwisha kumlipa mwenye nyumba wa kwanza kodi ya miezi sita, je, ni haki amdai tena? Atasema, "Fedha hizo sikuzipokea mimi." Ni kweli, lakini yeye aliweza kuuliza kabla ya kununua, na mpangaji hakuulizwa neno. Basi amdai aliyemwuzia, maana anunuaye nyumba hununua na ahadi iliyomo. Katika Walawi 25 Mungu aliwakumbusha Waisraeli ya kuwa nchi ni mali yake, nao hukaa kwake kama wageni. Sisi sote tu wapangaji. Na tumtendee mpangaji kama tupendavyo Mwenye nchi atutendee sisi.