Kutawakali si Kukawia

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba maradhi na akaumba dawa yake. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Huulizwa barazani swali hili: mtoto akiugua, babaye akamsomea na kumnywesha kombe, akangoja, kisha mtoto akafa, na daktari akasema ya kuwa lau angaliletwa mapema pengine angalipona. Je, yafaa baba huyo aseme "Ndiyo kadari" akanyamaza, au iko hesabu juu yake?

Jawabu haipatikani ila kwanza yajulikane maradhi yenyewe. Na katika maradhi ambayo kukawia kwake ni hatari kubwa ni kifua kikuu cha utando wa ubongo. Watu hudhani kifua kikuu ni cha mapafu tu, na sivyo. Vijidudu vyake, ambavyo Robert Koch alivitangaza mjini Berlin mwaka 1882, huingia kwa pumzi, kisha huweza kupita katika damu hata vikafika kwenye ngozi nyembamba iliyoufunika ubongo. Katika nyumba za Kariakoo na Gerezani, walalamo watu wengi chumba kimoja, mkohozi mmoja asiyetibiwa aweza kuwaambukiza wenziwe; na wapatikanao zaidi na namna hii ni watoto wadogo na wenye virusi vya Ukimwi. Chanjo ya BCG apewayo mtoto azaliwapo humkinga sana, na kumnyima ni kumvua ngao.

Maradhi haya huja kwa hila. Kwanza ni homa ndogo, kuumwa na kichwa, kutapika na kukonda, na mtoto huacha kucheza. Siku hupita, hata juma moja au mawili, na nyumbani husemwa ni malaria au jicho la hasidi. Kisha shingo hukakamaa, macho huenda makengeza, degedege humshika, na mwisho wake ni usingizi asioamka. Hapo wengi wa pwani husema: huyu ni shetani wa ndege apitaye usiku, akichomwa sindano atakufa. Basi hupelekwa kwa mganga. Na matabibu wamekubaliana ya kuwa aanzaye dawa akiwa na fahamu zake yu karibu na kupona. Ama aanzaye akiwa amekwisha kuzimia, wengi wao hufa, na wasaliao huenda wakabaki vipofu, viziwi au wenye kupooza.

Asemaye "ndiyo kadari" asema kweli, walakini huenda ameiweka kweli mahali pasipo pake. Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari ya tauni, alirudi na watu wake. Abu Ubaida alipomwuliza kama aikimbia kadari ya Mungu, alimjibu kwa maana ya kuwa atoka katika kadari Yake kwenda katika kadari Yake. Basi maradhi ni kadari na dawa ni kadari. Na Mtume (S.A.W.) aliamrisha watu wajitibu, na akamfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha atawakali.

Mzee wa mwaka 1930 aliyemwona mwanawe akifa kwa maradhi haya hakuwa na la kufanya, kwani streptomisini haikutangazwa ila mwaka 1944, na isoniazidi ilikuja mwaka 1952. Mzee huyo alisema "kadari" baada ya kufika ukomo wa uwezo wake. Wa leo huisema kabla hajaanza, na hali kutoka Kariakoo hata hospitali ya Mnazi Mmoja ni mwendo wa miguu, na Muhimbili si mbali, ambayo asili yake ni hospitali ya mwaka 1897 iliyoitwa kwa jina la tajiri Mwislamu, Sewa Haji Paroo. Na dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Neno ni moja, hukumu ni mbili.

Haisemwi ya kuwa kisomo ni haramu. Kisomo ni dua, na asomewe mgonjwa kitandani pake hospitalini. Kinacholaumiwa ni kisomo kugeuzwa kufuli la mlango wa hospitali. Na imepokewa kwa Mtume ya kuwa atibuye watu naye hajulikani kwa elimu ya tiba ni mdhamini. Basi ajihadhari mwalimu aletewaye mtoto wa homa ya siku kumi akamzuia asiende kwa daktari.

Iko na khofu nyingine: sindano ya mgongoni. Husemwa ndiyo iuayo, kwa kuwa wameonekana watu waliochomwa kisha wakafa. Na kilichowaua wengi wao ni maradhi yaliyokwisha kukomaa. Sindano hiyo huingizwa kiunoni, chini ya ukomo wa uti wenyewe, nayo huchota maji yapimwe. Huenda kipimo kisivione vijidudu kwa uchache wake, na daktari akaanza dawa kwa dhana yenye nguvu. Na dhana yenye nguvu katika sheria hutendewa kazi.

Tiba yenyewe kwa kawaida ni miezi 12: dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi kumi, pamoja na deksamethasoni majuma ya kwanza. Uchunguzi wa Vietnam uliotangazwa mwaka 2004 ulionyesha ya kuwa dawa hiyo hupunguza vifo. Mkojo ukiwa mwekundu ni kwa rifampisini, na hapana ubaya. Macho yakiwa manjano, arudi kwa daktari upesi. Mfungo wa Ramadhani usimzuie dawa, kwani Mungu amemruhusu mgonjwa kufungua na kulipa. Na akiona nafuu mwezi wa tatu asiache, kwani dawa iliyokatwa huvifundisha vijidudu kuishinda, na ikiwa viko mapafuni pia huweza kumwendea jirani. Na kumdhuru jirani kumekatazwa.

Basi jawabu ni hili: asiyejua, akajitahidi kwa kadiri ya ujuzi wake, Mungu ni Mwingi wa kusamehe. Ama aliyejua akakawia, kadari si hoja yake, kwani mtoto ni amana, na mwenye amana ataulizwa.

Wallahu aalam.