TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 20: WALIIONA MELI, HAWAKUIPANDA

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Alhamdulillah, leo tunafunga ya ishirini. Jua likishatua jioni hii tunaingia usiku wa ishirini na moja, kumi la mwisho. Najua kila mtu ana lake. Kuna anayesoma hapa baada ya Alfajiri kabla hajajilaza kidogo, kuna aliye kwenye matatu, kuna aliyekaa dukani anangoja wateja wa nguo za Idi. Nipe dakika tano tu. Leo nataka tuzungumze kuhusu watu walioachwa na meli.

Sisi watu wa Mombasa meli za watalii tunazijua. Ikiingia moja Kilindini unaona kama mtaa mzima wa maghorofa umekuja kututembelea. Asubuhi watalii wanashuka, huyu anakwenda Fort Jesus, yule anatafuta vinyago, mwengine anataka viungo tu vya kupelekea watu kwao. Halafu meli inang'oa nanga, inakwenda bandari nyingine. Ndivyo zinavyofanya kazi duniani kote: leo hapa, kesho kutwa kwengine.

Sasa, kabla abiria hajashuka, anaambiwa jambo moja tena na tena: saa ya mwisho ya kurudi. Inatangazwa kwenye vipaza sauti, inaandikwa kwenye karatasi ya ratiba ya siku. Na saa hiyo huwekwa mapema kuliko saa ya kuondoka, kwa sababu ngazi lazima ipandishwe, watu wahesabiwe, rubani wa bandari awe tayari. Kila abiria ana kadi yake. Akishuka inasomwa kwenye mashine, akirudi inasomwa tena. Kwa hivyo saa ikifika, hakuna haja ya kuulizana. Inajulikana nani yumo na nani hayumo.

Na asiyekuwemo? Mara nyingi maafisa huenda chumbani kwake, wakitafuta pasipoti yake, wakampa wakala wa meli aliye nchi kavu. Basi. Kamba zinafunguliwa. Nguo zake zimo melini, dawa zake zimo, kitanda chake kimetandikwa, chakula cha jioni kinapikwa. Yeye hayumo. Kuanzia hapo, nauli ya kuifuata meli bandari ya mbele ni juu yake mwenyewe.

*Kisa cha Ramadhani ya 1445*

Mwaka 2024, mwezi wa Machi, nasi tuko katikati ya Ramadhani, meli moja ya watalii ilikuwa imetoka Cape Town inapanda na pwani ya magharibi ya Afrika kuelekea Barcelona. Ikatia nanga katika visiwa vya São Tomé na Príncipe, kule karibu na mstari wa ikweta. Abiria wanane, Wamarekani sita na Waaustralia wawili, wakashuka kwa matembezi waliyojipangia wenyewe, si yale yaliyopangwa na meli. Saa ya mwisho ya kurudi ilikuwa saa tisa alasiri.

Wakachelewa. Walipofika ufukweni, kama walivyosimulia wenyewe, meli ilikuwa bado ipo. Wanaiona kwa macho yao. Walinzi wa pwani wakawapakia kwenye boti yao, wakawapeleka mpaka karibu na meli. Nahodha akakataa kuwapandisha. Ikabidi boti igeuze, wao wakiitazama meli ambayo vyumba vyao na vitu vyao vimo ndani.

Wakaanza safari ya kuifukuzia, nchi baada ya nchi, mpaka Gambia, wakitaraji kuipata Banjul. Meli ikashindwa kuingia kwa sababu ya maji kupwa. Wakasafiri tena kwa barabara mpaka Dakar, Senegal, na hapo ndipo wakaipanda, baada ya siku sita hivi. Fikiria: Gambia na Senegal ni nchi za Waislamu. Watu wale walikuwa wakipita katikati ya watu waliofunga, wenye kuhesabu dakika za Magharibi, na wao wenyewe wanahesabu siku za kuipata meli.

Sitaki tuwacheke, na sitaki tumhukumu nahodha. Kule watu walibishana sana nani mwenye makosa. Mimi na wewe hatukuwapo. Sisi tuchukue mazingatio.

*La kwanza: hawakukataa kurudi*

Mtoto wa Nabii Nuhu (a.s.) alikataa. Suratu Hud inatueleza kuwa baba yake alimwita apande pamoja nao, yeye akajibu kuwa atakimbilia mlimani uumkinge na maji. Akazama. Yule ni mtu aliyeiona safina na akasema siitaki.

Lakini hawa wanane walikuwa wanataka kurudi. Nia walikuwa nayo. Tiketi walikuwa nayo. Hakuna aliyeamka asubuhi akasema leo nitaiwacha meli. Kilichowaponza ni muda tu.

Na hapa, ndugu yangu, ndipo tulipo wengi wetu. Sisi tunaosoma ujumbe huu si watu wa kuikataa safina. Hakuna hapa anayesema hataki kutubu. Kila mmoja anasema atatubu, atairudisha ile haki ya watu, atamaliza juzuu zake, ataanza kuswali Alfajiri kwa jamaa. Shetani wala hahitaji tukatae. Yeye inamtosha tuseme "bado".

*La pili: wao walitajiwa saa*

Abiria wale waliambiwa: saa tisa. Walikuwa wanaijua. Na bado wakachelewa.

Sasa mimi na wewe, nani ametutajia saa yetu? Nahodha wa meli hutangaza. Malakul Maut hatangazi. Katika Suratul Munaafiqun, aya ya 10 na 11, Allah anatuhimiza tutoe katika alivyoturuzuku kabla mmoja wetu hajafikiwa na mauti akaomba acheleweshwe kidogo tu, apate kutoa sadaka na awe katika watu wema. Angalia anachoomba. Haombi miaka, anaomba kidogo tu. Na Allah anatuambia kuwa hataichelewesha nafsi yoyote ajali yake ikifika.

Kidogo tu hicho ndicho ulichonacho wewe leo, mchana huu, unapousoma ujumbe huu.

*La tatu: saa ya melini na saa ya nchi kavu*

Kuna abiria wengine huachwa kwa jambo dogo sana. Meli huenda na saa yake, na bandari ina saa yake. Mtu akishuka, simu ikishika mtandao wa nchi kavu, inajibadilisha yenyewe. Yeye anaangalia simu, anaona ana saa nzima bado, anaagiza kahawa nyingine. Kumbe melini muda umekwisha.

Dunia nayo ina saa yake. Saa ya dunia inakwambia: wewe bado kijana. Subiri uoe kwanza. Subiri watoto wamalize shule. Ukistaafu utakwenda Hija na utatulia. Mtume (s.a.w.) alimshika Ibn Umar (r.a.) begani akamuusia aishi duniani kama mgeni au mpita njia. Mpita njia haendi kwa saa ya mji anaopita. Anakwenda kwa saa ya safari yake.

*Kaab bin Malik (r.a.)*

Msije mkadhani kuchelewa ni kwa watu wabaya tu. Kaab bin Malik alikuwa sahaba, Answari. Mwaka wa 9 Hijria Mtume (s.a.w.) alipotangaza safari ya Tabuk, Kaab alikuwa na afya na mali kuliko wakati wowote. Anasimulia mwenyewe kuwa hajawahi kuwa na vipando viwili kwa pamoja ila safari ile. Lakini ilikuwa kipindi cha joto, matunda yameiva na vivuli vimependeza. Kila siku anatoka asubuhi ajitayarishe, anarudi hajafanya lolote, na moyoni anasema: naweza wakati wowote nikitaka. Jeshi likaondoka. Akasema nitawafuata baada ya siku moja au mbili. Hakuwafuata. Akabaki Madina, akitoka nje haoni ila wanaotuhumiwa unafiki na wanyonge wenye udhuru.

Hakuna siku hata moja ambayo Kaab aliamua kutokwenda. Ziliunganika "kesho" nyingi tu.

Lakini tazama alivyofanya baadaye. Mtume (s.a.w.) aliporudi, watu zaidi ya themanini walikuja na udhuru na viapo. Kaab akasema kweli: sikuwa na udhuru. Akakaa usiku hamsini watu wamekatazwa kusema naye, mpaka ikateremka toba yake na ya wenzake wawili, katika Suratu Tawba, aya ya 118. Sauti ya bishara ikamjia kutoka jabali la Sal'i baada ya Alfajiri, akaanguka kusujudu.

Basi aliyechelewa naye ana njia. Njia yenyewe ni kusema kweli na kurudi, bila kutunga udhuru.

*Niwaambie na langu*

Nilikuwa na ami yangu. Tulikosana kwa sababu ya kiwanja cha urithi, maneno yakatoka ambayo hayakufaa, na mengi yalitoka kwangu mimi. Ramadhani moja nikaazimia niende nikamwombe radhi. Kumi la kwanza nikasema nina kazi. Kumi la pili nikasema nitakwenda usiku wa ishirini na saba, nimpelekee tende na kitambaa cha kanzu, iwe vizuri zaidi. Kitambaa nikanunua. Kutoka kwangu hadi kwake ni nauli ya shilingi hamsini.

Alifariki tarehe ishirini na nne, mchana, amefunga. Nilipofika nilikuta ameshakoshwa na kuvishwa sanda. Nikasimama safu ya kwanza nikamswalia. Kile kitambaa kipo kabatini mpaka leo. Nilikuwa na nia, wallahi nilikuwa nayo. Wahenga walisema: chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Namwombea dua kila siku, natoa sadaka kwa ajili yake. Lakini lile neno moja, "nisamehe ami", nililiwacha mpaka meli ikaondoka.

Wewe ami yako yu hai? Mama yako? Yule ndugu ambaye hamsemezani tangu mwaka jana? Basi meli yako bado imetia nanga.

*Mlango wetu si kama wa nahodha*

Nahodha alifunga saa tisa, na boti iliyofika ubavuni ikarudishwa. Mola wetu si hivyo. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Allah anaikubali toba ya mja maadamu roho haijafika kooni. Mwenye kumwendea kwa mwendo wa kutembea, rehema Yake humjia mbio. Kama siku ishirini zimekupita na hukufanya la maana, usikate tamaa ukasema nishaachwa. Bado una kumi. Na ndani ya kumi hizo kuna usiku ulio bora kuliko miezi 1,000, zaidi ya miaka 83 ya ibada. Nani mwengine angekupa nafasi kama hiyo ukiwa umeshachelewa?

*Kazi ya leo, kabla ya Magharibi*

1. Piga ile simu. Unaijua ni ipi. Usingoje siku ya Idi.

2. Lipa au ongea na mtu unayemdai au anayekudai. Kama huna, mwambie huna, na muagane lini.

3. Zakatul Fitri itengeneze mapema. Ikitolewa baada ya swala ya Idi huwa ni sadaka kama sadaka nyingine.

4. Usiku wa leo waamshe watu wa nyumbani, kama alivyokuwa akifanya Mtume (s.a.w.) zikiingia kumi. Hata rakaa mbili. Na tukithirishe ile dua aliyomfundisha Bibi Aisha (r.a.), ya kumwomba Allah atusamehe, kwani Yeye anapenda kusamehe.

5. Usiende peke yako. Aliyetoka na matembezi ya meli, wakichelewa mara nyingi meli huwangoja au huwatafutia njia. Aliyetoka kivyake anahangaika kivyake. Njoo tuswali Tarawehe pamoja, na mwenye nafasi aingie itikafu pamoja na wenzake. Mwenzio atakukumbusha saa.

Ewe Allah, Usitufanye katika wanaoomba kucheleweshwa kidogo wakati hakuna tena kidogo. Wasamehe tuliowakosea wakatangulia kabla hatujawafikia, na Utupe sisi kuwafikia walio hai. Tufikishe Laylatul Qadri tukiwa macho, na Utukubalie funga zetu na swala zetu. Aamiin.

Mtumie ujumbe huu yule uliyemkumbuka ulipokuwa unasoma. Au bora zaidi, mpigie.

Tukutane Isha, inshaAllah. Ramadhani Karim.