Dua la kuku

Harufu ndiyo iliyoniamsha. Kuku hawakupiga kelele, au walipiga nami nimejifunika mablanketi mawili gubigubi, kama tulalavyo huku Sumbawanga mwezi wa Juni upepo unaposhuka kutoka Mbizi. Lakini uvundo ule wa kicheche, mkali wa kukata pumzi, ulipenya hadi chumbani. Nikachukua tochi, nikatoka. Mlango wa banda ulikuwa umefungwa, komeo mahali pake, kufuli mahali pake. Ndani, matembe saba na mitetea wawili walikuwa chini, kila mmoja pale alipoangukia, shingo zimetobolewa karibu na kichwa. Aliyeliwa ni mmoja tu, tena kifua peke yake. Jogoo alikuwa hai juu ya mti wa kulalia, kimya, amejibana ukutani.

Mtetea mmoja kati ya wale wawili hakuwa wangu. Alikuwa wa bibi jirani, mjane aishiye peke yake ng'ambo ya shamba langu la mahindi. Alinikabidhi mwezi wa Januari nimlelee kwa nusu: vifaranga tunagawana, mama anabaki kuwa wake. Makubaliano ya namna hii hayana karatasi. Yana uso wa mtu, ambao utauona kesho yake kisimani na Jumapili kanisani.

Waswahili husema dua la kuku halimpati mwewe. Methali hii nimeisikia tangu utoto, na mara nyingi husemwa kumnyamazisha mnyonge: lia utakavyo, mwenye nguvu hadhuriki. Asubuhi ile, nikiwa nimechutama kati ya manyoya, iliniuma kwa namna nyingine. Kuku aliaye usiku hamwombi mwewe wala kicheche. Basi anamlilia nani? Na mnyama wa porini anapoua ulichokabidhiwa, anayedaiwa ni nani?

Wa kwanza kutajwa alikuwa Mungu, na aliyemtaja ni bibi mwenyewe. Nilipokwenda kumpa habari alinishika mkono akasema, "Mwalimu, usijitese. Ni mpango wa Mungu." Alisema kwa upendo, nami nilinyamaza kwa heshima, lakini moyo wangu ulikataa na hadi leo unakataa. Sisemi Mungu hahusiki na kicheche. Ukisoma Kitabu cha Ayubu utaona Mungu anavyojitaja kuwa mlishaji wa kunguru, na kwamba mwewe haruki kwa hekima ya binadamu. Zaburi ya 104 inasema simba wanangurumia mawindo wakimwomba Mungu chakula. Kicheche naye ana sehemu yake mezani, kwenye panya, panzi na mabuu ya mashambani mwetu. Ila sikuona popote palipoandikwa kwamba Mungu ndiye aliyeacha udongo wa chini ya mlango wangu uoshwe na mvua tangu Novemba hadi Aprili bila kuurudishia. Kumtwisha Mungu kazi ya jembe si imani.

Wa pili kutajwa alikuwa mchawi, na hapo ndipo nilipoogopa. Kuku tisa wamekufa katika banda lililofungwa kwa kufuli, na karibu wote hawakuliwa: habari kama hiyo mtaani haihitaji saa mbili. Jina la mji wetu lenyewe wazee hulieleza kuwa ni agizo kwa anayeingia, kwamba uchawi wake autupe huko huko nje. Kufikia adhuhuri kijana mmoja alikuwa ameshaniuliza, kwa sauti ya chini, kama yule mtetea niliyepewa nilipewa kwa nia njema. Mjane, mzee, anaishi peke yake, macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka sabini. Katika nchi yetu wanawake wa namna hiyo wameuawa kwa mapanga kwa sababu ndogo kuliko kuku tisa. Sikumjibu kwa mahubiri. Nilichukua majivu ya jikoni, nikayapepeta kwa chekecheke, nikayatandaza mlangoni na kuzunguka banda lote kabla ya jua kuzama. Kicheche aliyeonja hurudi. Alfajiri nikamwita yule kijana na wenzake, nikawaonyesha: nyayo ndogo, vidole vitano, na mbele ya kila kidole alama ya ukucha mrefu kama ncha ya msumari. Zilitoka kwenye mahindi, zikafika kizingitini, zikaingia kwenye shimo ambalo mkono wangu ulipita hadi kiwiko. Wakaliangalia shimo, wakaniangalia mimi. Hakuna aliyemtaja bibi tena. Naamini kwa moyo wote kwamba yale majivu yalikuwa sala bora kuliko nyingi nilizosali mwaka ule.

Basi akabaki kicheche. "Ona, ameua asile. Huyu ni muuaji," alisema jirani mwingine, akanishauri niweke yai lenye sumu ya wadudu wa shambani. Hoja ya kuua bila kula ilinisumbua sana, kwa kuwa ndiyo inayomfanya mnyama aonekane mwovu. Mwenye njaa tunamwelewa, lakini huyu? Nimesoma kuhusu Hans Kruuk, mtaalamu wa wanyama aliyewachunguza fisi wa Serengeti miaka ya 1960. Aliandika juu ya usiku mmoja wa giza na dhoruba ambapo fisi waliwaua swala tomi zaidi ya themanini, na wengi wao hawakuguswa tena. Swala gizani hawakukimbia. Na mwindaji hasimamishwi na shibe tu. Kinachomsimamisha siku zote ni kwamba akishakamata mmoja, waliobaki wametoweka. Wasipotoweka, wakiendelea kupapatika mbele ya pua yake, mwili wake unaendelea kufanya kile ulichoumbiwa.

Niliposoma hayo nilikumbuka Muze, huko bondeni Rukwa nilikokulia, ukishuka kwa barabara ya Ntendo. Kule joto ni kali na miembe ni mingi. Kuku wa bibi yangu walilala mwembeni, juu kabisa, na mimi ndiye niliyekuwa nawahesabu jioni wakipanda tawi kwa tawi. Kicheche alikuja kule pia. Alipata mmoja, basi, wengine wakaruka gizani wakatawanyika, asubuhi wakarudi mmoja mmoja wakilia. Sikuwahi kuona kuku tisa wamekufa usiku mmoja. Huku juu, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, uwanda ni nyasi na upepo, miti mingi ni mikaratusi tuliyoipanda wenyewe, na baridi ya Julai huwaua vifaranga. Kwa hiyo tunawafungia. Tunafanya hivyo kwa huruma, na ni vizuri. Lakini nilipopiga kufuli nilimnyang'anya kuku kitu kimoja alichopewa na Muumba wake dhidi ya kicheche, nacho ni kutoroka. Toka saa hiyo hana mbawa, ana mlango wangu tu. Yale mauaji yalihitaji vitu viwili: meno ya kicheche na ukuta wangu.

Kuhusu swala wa Serengeti sina la kusema. Ukuta wao ulikuwa giza, na mwenye giza anajua. Kuhusu banda langu nina la kusema.

Alhamisi jumuiya yetu ndogo ndogo ilisali nyumbani kwangu, nikaliweka swali mezani. Mzee mmoja, mtu makini, alifungua Kutoka sura ya 22. Sheria iko wazi, alisema: mtu akikabidhiwa mnyama wa mwenzake, akaibwa, atalipa; lakini akiraruliwa na mnyama wa porini, ataleta mabaki yawe ushahidi, wala hatalipa. "Umeleta mabaki, Mama Mwalimu. Hudaiwi." Wengine wakaitikia, na najua walitaka kunipumzisha. Nikawaomba warudi nyuma sura moja tu, kwenye mtu aliyefunua shimo asilifunike, na ng'ombe wa mwenzake akatumbukia. Huyo hakumsukuma ng'ombe. Hakumchukia. Pengine alikuwa amelala. Atalipa. Kisha nikawakumbusha Yakobo alivyomwambia Labani kwamba kondoo walioraruliwa hakumpelekea kamwe, hasara aliibeba yeye. Sheria haikumlazimisha kuibeba, lakini aliibeba, kwa miaka ishirini. Tulikaa hadi saa nne usiku, chai ikapoa. Hatukuafikiana. Mzee yule alisema ninajipandisha hadi kwenye kiti cha Mungu nikidhani kila kifo kina mlango ambao ningeweza kuufunga. Ni onyo zito na nalichukua. Ugonjwa wa mdondo ukipita huua banda zima, na kuna mwaka utakuja hata ukichanja. Lakini chanjo ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, na asiyetia lile tone asiuite mdondo mapenzi ya Mungu mbele yangu.

Sumu nilikataa, na sababu yangu iko katika sura ile ile ya 22. Mwizi akikamatwa usiku akivunja nyumba, akapigwa akafa, mwenye nyumba hana damu juu yake. Lakini jua likishachomoza, ana damu. Nimeisoma mara nyingi mno nikiwa na watoto darasani bila kuona ukali wake. Usiku, mlangoni, unalinda. Mchana hatari imekwisha, na unachokifanya kina jina lingine. Yai la sumu hutegwa mchana, na mtu aliyetulia, ambaye hajui nani atalila: mbwa wa jirani, mtoto, au panya ambaye kisha ataliwa na bundi anayetulindia mahindi. Ningemkuta kicheche bandani usiku ule ningempiga kwa fimbo bila kusita. Kumfuata kesho yake hadi kwenye mashimo yake sikuona haki.

Tukachimba. Mjukuu wangu na mimi tulizungusha mtaro wa futi moja na nusu kuzunguka banda, tukashindilia mawe na vipande vya matofali ya kuchoma. Mbele ya mlango tukazika waya mgumu wa matundu yasiyopitisha hata kidole, tukaulaza ubapa kuelekea nje, hatua nzima. Fundi seremala aliyetutengenezea kizingiti kipya cha mninga ndiye aliyetufundisha kuulaza hivyo. Mchimbaji, alisema, huanza kuchimba pale pale ukuta unapokutana na ardhi. Akikuta waya anahangaika hapo hapo, hana akili ya kurudi nyuma hatua moja. Ni Mwislamu wa Majengo, na alipokuwa akipiga randa alinikumbusha yale ya Mtume kumwambia mwenye ngamia amfunge kwanza ndipo amtegemee Mungu. Kwa ajili ya mwewe, ambaye ni wa mchana, nilipanda mabingobingo kando ya uwanja, vifaranga wapate pa kujificha mama anapowaonya. Hapo nilijaribu kurudisha kidogo kile nilichochukua.

Kisha nikachukua matembe wawili kati ya wale niliowanunua upya, nikawafunga miguu kwa kamba ya katani, nikampelekea bibi. Aliwatazama muda mrefu. Alisema hanidai. Nikasema najua. Akampokea mmoja, mwingine akanirudishia nikaendelee kumlea kwa nusu kama kwanza, na nilishindwa kuzuia machozi, maana nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kuaminiwa tena.

"Ila nataka kuuona mlango," akasema.

Tukavuka mahindi pamoja, polepole, kwa sababu ya magoti yake. Alichutama mbele ya banda, akapitisha kiganja chake chini ya kizingiti kuanzia bawaba hadi kitasani, kama mtu anayepapasa mgonjwa. Kwenye kona ya kulia mkono ukasimama. Vidole vyake viwili vilikuwa vimeingia.

"Hapa bado," akasema, akanyoosha mkono mwingine nimpe jiwe.